Nyumba Njema si Mlango: Watu wa North Norfolk na Maisha Yao

Wengi wetu tumeijua Uingereza ya mashamba kwa njia ya picha. Tuliiona katika kalenda zilizotundikwa maafisini, katika vifuniko vya makopo ya biskuti ambayo mama zetu waliyaweka makabatini hata baada ya biskuti kwisha, na katika vitabu vya kusomea Kiingereza tulivyopewa skuli. Palikuwa na kijumba cha mawe chenye maua mlangoni, kanisa la kale, ng'ombe walionona, na njia nyembamba inayopotea baina ya vichaka. Picha hizo hazikuwa za uongo. Vijumba hivyo vipo na maua yapo. Lakini wahenga walituusia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tunakusudia kuufungua mlango huo, tutazame nani anaishi ndani, anaishi vipi, na nani ameondoka.

Tumeichagua wilaya moja, nayo ni North Norfolk, iliyoko mashariki ya Uingereza, mahali ambapo nchi ile inatoa bega lake katika Bahari ya Kaskazini. Hatukuichagua kwa sababu ya umaarufu. Tumeichagua kwa sababu eneo lake, kiasi cha kilomita za mraba 965, linakaribiana sana na eneo la kisiwa chetu cha Pemba. Aidha, ni wilaya ya pwani, yenye wavuvi na wakulima, na bahari inayoipa riziki ndiyo hiyo hiyo inayoila ardhi yake. Mtu wa visiwani akisoma habari za watu hao hatakosa kujiona mahali fulani.

Tuanze na hesabu, kwani kiongozi asiyejua idadi ya watu wake ni sawa na nahodha asiyejua idadi ya mabaharia wake. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wilaya ya North Norfolk ilikuwa na watu wapatao 103,000. Miaka kumi kabla yake, mwaka 2011, walikuwa kiasi cha 101,500. Kwa hiyo katika muda wa miaka kumi waliongezeka kwa watu 1,500 tu au karibu na hapo. Kila kilomita ya mraba ina wastani wa watu 107, wakati wastani wa England nzima ni watu 434. Sisi katika sensa yetu ya mwaka 2022 tuliwakuta Pemba watu 543,441. Ardhi ni karibu sawa, lakini watu wa Pemba ni zaidi ya mara tano ya wale.

Hapo msomaji anaweza kusema kwamba hao ni watu wenye bahati, wenye nafasi tele na msongamano haba. Lakini idadi ya vichwa haisemi kila kitu. Lililo muhimu zaidi ni umri wa vichwa hivyo. Katika kila watu 100 wa North Norfolk, 33 na zaidi wametimiza umri wa miaka 65 au wameupita. Kwa England na Wales kwa jumla hesabu hiyo haifiki 19. Hapakuwa na wilaya nyingine yoyote katika England na Wales, katika sensa hiyo ya 2021, iliyokuwa na sehemu kubwa ya wazee kuliko hii. Ukiwapanga wakazi wote katika mstari mmoja, kutoka mtoto mchanga hadi mzee kuliko wote, yule atakayesimama katikati ni mtu wa miaka 54. Kwetu sisi, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu ni watoto walio chini ya miaka 15, jambo hilo ni gumu hata kulifikiria. Ni wilaya ambayo watu wanaozikwa ni wengi kuliko wanaozaliwa, na ambayo isingeongezeka hata mtu mmoja lau si wageni wanaohamia.

Na wageni hao ni nani? Wengi wao ni watu waliofanya kazi maisha yao yote katika London na miji mingine mikubwa, wakauza nyumba zao huko kwa bei ya juu, wakaja kustaafu karibu na bahari. Wakati huo huo vijana waliozaliwa pale, wanapofika umri wa miaka 18 au 19, hupanda treni au gari kwenda Norwich, Cambridge au London kutafuta chuo na kazi, na wengi hawarudi kuishi. Kwa hiyo wilaya inatoa vijana na kupokea wazee. Hatusemi kwamba wazee ni mzigo. Mzee ni hazina, na desturi zetu zimetufunza hivyo tangu tukiwa chuoni mbele ya mwalimu. Lakini kila mzee atahitaji siku moja mtu wa kumshika mkono, kumpikia na kumpeleka hospitali, na mtu huyo lazima awe na nguvu, na lazima awe na nyumba ya kuishi karibu.

Ili kufahamu jinsi mambo yalivyofika hapo, hapana budi turudi nyuma kidogo katika historia ya kazi.

Norfolk ni miongoni mwa majimbo yaliyoifundisha Ulaya kilimo cha kisasa. Katika karne ya 18 makabaila wa huko, kama Townshend wa Raynham, na baadaye Coke wa Holkham, walieneza utaratibu wa kubadilisha mazao katika mafungu manne: ngano, kisha tanipu ambazo ni mizizi ya kulishia mifugo, kisha shayiri, kisha majani ya klova yanayorutubisha ardhi. Kwa utaratibu huo shamba halikulazimika kuachwa likipumzika bila ya zao, mifugo ilipata chakula wakati wa baridi, na samadi yake ikarudi shambani. Mavuno yakaongezeka, na majumba makubwa ya makabaila hao, lile la Holkham likiwa mojawapo, yangali yakitembelewa na watalii hadi leo.

Lakini mavuno hayo yalipitia mikononi mwa vibarua, na maisha ya vibarua hayakuwekwa katika kalenda. Tuchukue mfano wa mtu mmoja, George Edwards, aliyezaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Marsham, kusini kidogo ya wilaya tunayoizungumzia. Alipokuwa mtoto mdogo baba yake alifungwa kwa kuchukua tanipu za shambani ili awalishe wanawe, na familia ikapelekwa katika nyumba ya mafukara. Akiwa na umri wa miaka sita alipewa kazi ya kuamia ndege mashambani. Hakujua kusoma wala kuandika mpaka alipooa, na aliyemfundisha ni mkewe Charlotte. Mtu huyo, katika mwaka 1906, aliwakusanya vibarua wenzake katika mji wa North Walsham, ndani ya wilaya hii, wakaunda chama cha wafanyakazi wa mashamba wa majimbo ya mashariki. Kutokana na mbegu hiyo kilikuja kuota chama cha taifa cha wafanyakazi wa mashamba. Mwaka 1920 yule mtoto wa kuamia ndege akaingia Bunge la London. Mwaka 1923 vibarua wa Norfolk waligoma kupinga kupunguzwa ujira wao, na mgomo huo haujasahauliwa mpaka leo.

Kulikuwa na jambo moja lililomfunga kibarua kuliko ujira wenyewe, nalo ni nyumba. Kijumba alichoishi kilikuwa mali ya mwenye shamba. Akipoteza kazi, au akizeeka, au akijitia katika siasa za chama, alipoteza kazi na paa kwa siku moja, yeye na mkewe na wanawe. Chama cha wafanyakazi kilipigania jambo hili kwa miaka na miaka, na sheria ya kuwalinda vibarua wa mashamba wasifukuzwe ovyo katika nyumba hizo ilipatikana mwaka 1976, yaani miaka 70 baada ya ule mkutano wa North Walsham.

Ushindi huo, kwa masikitiko, ulikuja wakati ambapo kibarua mwenyewe alikuwa anatoweka. Trekta ilikwisha chukua nafasi ya farasi, mashine ya kuvunia ikachukua nafasi ya kikosi kizima cha wavunaji, na shamba lililokuwa likiajiri watu makumi likawa linaendeshwa na watu wawili watatu. Leo North Norfolk bado inatoa shayiri, ngano na viazi vya kutengenezea sukari kwa wingi, na mtu anayepita njiani huona mashamba yaliyopandwa vizuri hadi upeo wa macho. Anachokikosa kukiona ni watu. Hata ile Bodi ya Mishahara ya Kilimo, iliyokuwa ikipanga kima cha chini cha ujira wa wafanyakazi wa mashamba katika England na Wales, ilivunjwa mwaka 2013.

Basi vile vijumba vya vibarua vilibaki, na ni vijumba vizuri, vilivyojengwa kwa mawe ya gumegume yanayookotwa katika ardhi na ufukwe wa huko. Vikauzwa. Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Katika vijiji vya pwani kama Blakeney, Cley na Wells-next-the-Sea, nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa mbali wenye nyumba nyingine mjini. Wao huja mwisho wa wiki na wakati wa joto, au huzikodisha kwa watalii. Mwezi wa Agosti kijiji hujaa magari na vicheko. Mwezi wa Januari, jua linapotua kabla ya saa kumi na moja jioni, mtu anaweza kupita katika mtaa mzima akaona taa chache tu zinawaka. Skuli ya kijiji inakosa watoto, duka linakosa wateja, na mashua inakosa kijana wa kurithi. Kijana aliyezaliwa hapo, anayefanya kazi hotelini au anayewauguza wazee majumbani, hawezi kushindana katika bei na daktari au mwanasheria wa London anayetafuta mahali pa kupumzikia. Kwa hiyo huhamia mbali, na kila asubuhi huendesha gari maili kadha kuja kuwahudumia watu wanaoishi katika kijiji alichozaliwa.

Serikali nazo zilichangia. Baada ya vita vya pili vya dunia halmashauri za Uingereza zilijenga nyumba nyingi za kupangisha wafanyakazi, vijijini pia. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji hao haki ya kuzinunua nyumba hizo kwa bei iliyopunguzwa. Hatuwezi kumlaumu mpangaji aliyenunua, kwani nani asiyependa kumiliki paa lake? Lakini nyumba iliyouzwa mara moja huuzwa tena, na mnunuzi wa pili au wa tatu si lazima awe mfanyakazi wa pale, na nyumba mpya za kujaza pengo hazikujengwa kwa kiasi kilichohitajika. Mwaka 2006 Halmashauri ya North Norfolk ilizikabidhi nyumba zake zilizosalia kwa shirika la nyumba.

Ni haki tuseme pia upande wa pili. Wenye nyumba za pili huleta fedha. Hutengeneza mapaa, huajiri mafundi, hula katika mikahawa, na baadhi yao huja kuishi moja kwa moja wanapostaafu. Mwashi wa Holt au mwenye mkahawa wa Cromer hatafurahi wakikatazwa kuja. Kwa sababu hiyo Waingereza wenyewe wamekuwa wakitafuta njia ya katikati. Katika mji wa St Ives, jimbo la Cornwall, mwaka 2016 wananchi walipiga kura ya kutaka nyumba mpya zijengwazo ziwe za watu wa kukaa daima, na zaidi ya watu 80 katika kila 100 waliopiga kura waliafiki. Sheria ya mwaka 2023 iliziruhusu halmashauri za England, kuanzia Aprili 2025, kutoza nyumba za pili hadi mara mbili ya kodi ya kawaida. Na katika mji wa Wells wananchi waliunda jumuiya yao wenyewe ya kupata nyumba na kuzipangisha kwa bei nafuu kwa watu wenye kazi au asili ya pale. Dawa hizi zimechelewa, na haijathibitika kama zitatosha, lakini zinaonyesha kwamba ugonjwa umekubaliwa kuwa ni ugonjwa.

Tuingie sasa ndani zaidi ya nyumba, tuangalie maisha ya kila siku.

Mkazi wa North Norfolk ana mambo ambayo wananchi wa nchi nyingi wanayatamani. Tangu Julai 1948 anatibiwa bila ya kulipa anapofika kwa daktari au hospitali. Mtoto wake anasoma bure. Akizeeka anapata pensheni ya Serikali, na anapanda basi bure nje ya saa za msongamano. Ana barabara ya lami, maji safi na umeme. Hatutaki msomaji afikiri kwamba tunazungumza juu ya watu wenye njaa.

Lakini huduma iliyo mbali ni nusu ya huduma. Upo hospitali mdogo katika mji wa Cromer, lakini hospitali kubwa ya rufaa iko Norwich, safari ya kilomita 37 au zaidi kutoka pwani. Kwa mgonjwa wa moyo, au mama mjamzito ambaye uchungu umemshika usiku wa baridi, kilomita hizo ni nyingi. Basi la bure halimsaidii mzee wa kijiji ambacho basi hupita mara chache kwa siku. Zamani palikuwa na reli zilizoenea kama mishipa ya damu, na kijiji cha Melton Constable kilikuwa makutano yake, chenye karakana iliyoajiri watu kwa mamia. Sehemu kubwa ya reli hizo ilifungwa mwaka 1959. Mji wa Wells ulipoteza treni yake ya abiria mwaka 1964. Njia moja tu iliyosalia inaiunganisha Norwich na Cromer na Sheringham. Asiye na gari katika vijiji vingine huishi kama mtu wa kisiwani asiye na chombo.

Lipo jambo jingine la ajabu. Katika kijiji cha Bacton, ndani ya wilaya hii hii, ndipo yanapotokea nchi kavu mabomba makubwa ya gesi kutoka chini ya Bahari ya Kaskazini, gesi inayopasha joto nyumba za mamilioni ya watu wa miji ya mbali. Lakini vijiji vingi vya North Norfolk havikuunganishwa na mabomba hayo. Wakazi wake hununua mafuta yanayoletwa kwa lori, wakayatia katika matangi uani, na bei ikipanda wazee hukaa wamevaa makoti ndani ya nyumba za gumegume ambazo hazikujengwa kuhifadhi joto. Mali hupita chini ya miguu yao ikaenda kwa wengine. Kisa hiki hakihitaji mkalimani katika nchi yoyote yenye mali ya asili.

Hatimaye tuje kwenye bahari.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba iliyosukuma maji ya bahari yaliyokuwa yakijaa ililivunja boma la mchanga katika pwani ya mashariki. Katika England walikufa watu 307. Katika kijiji kimoja cha wilaya hii, Sea Palling, walikufa watu saba. Tarehe 5 Disemba 2013 maji yalikuja tena kwa kimo kama hicho, yakaziharibu nyumba katika kijiji cha Walcott na kuiumiza gati ya Cromer. Safari hii watu walikuwa wameonywa mapema na wakahamishwa. Hayo ni maendeleo yasiyo na shaka, na yametokana na Serikali kukubali baada ya 1953 kwamba tahadhari ni wajibu wake.

Hata hivyo adui mkubwa zaidi huja polepole. Pwani ya mashariki ya wilaya imesimama juu ya magenge ya mchanga na udongo laini. Mvua huyalainisha kutoka juu, mawimbi huyachimba kutoka chini, na kila mwaka sehemu huporomoka. Mji wa kale wa Shipden umelala chini ya maji mbele ya Cromer tangu karne za kati. Huko Eccles mnara wa kanisa ulibaki umesimama peke yake ufukweni, kijiji chake kikiwa kimekwisha kuliwa, mpaka nao ukaanguka katika dhoruba ya mwaka 1895.

Katika kijiji cha Happisburgh palijengwa kuta za mbao mwishoni mwa miaka ya 1950. Zilipochakaa katika miaka ya 1990, wataalamu walipiga hesabu, wakaona kwamba gharama ya kuzijenga upya ni kubwa kuliko thamani ya nyumba zitakazookolewa. Kuta hazikujengwa upya kama zamani, na nyumba za njia iendayo ufukweni zikaanza kutumbukia moja baada ya moja. Sheria ya Uingereza haimpi fidia mtu ambaye nyumba yake imeliwa na bahari. Anachoweza kupata, kupitia halmashauri, ni msaada wa hadi pauni 6,000 wa kuibomoa nyumba yake mwenyewe kabla haijaanguka. Wananchi wa Happisburgh walipiga kelele, na kati ya 2009 na 2012 Serikali ikaipa wilaya kiasi cha pauni milioni 3 za majaribio. Halmashauri ikazinunua nyumba kadha zilizokuwa ukingoni, kwa bei iliyo chini ya ile ambayo zingepata kama zingekuwa mbali na genge, ikazibomoa, na wenyewe wakapata pa kuanzia. Fedha za majaribio zilipokwisha, majaribio nayo yakesha.

Kilomita chache tu kutoka hapo iko Bacton yenye kile kituo cha gesi. Mwaka 2019 meli zilileta mchanga kutoka chini ya bahari, mita za ujazo milioni 1.8, ukamwagwa ufukweni kukilinda kituo hicho. Vijiji vya Bacton na Walcott vilivyo jirani navyo vikafaidika. Kampuni za gesi zilichangia sehemu kubwa ya gharama. Hatusemi kwamba kazi hiyo ilikuwa kosa. Kituo ni cha taifa zima na mchanga ule umewakinga watu pia. Tunasema tu kwamba bahari ni moja na genge ni moja, na kilichoamua nani alindwe ni hesabu ya mali iliyo nyuma ya genge. Mkazi wa Happisburgh aliyepoteza chumba cha kulala anaifahamu hesabu hiyo vizuri, na ana haki ya kuuliza nani aliyeipiga.

Ni katika ufukwe huo huo wa Happisburgh, mwezi wa Mei 1913 ukiwa umepita kwa miaka mia kamili, yaani mwaka 2013, ambapo mawimbi yaliondoa mchanga na kufichua nyayo za watu, wakubwa kwa watoto, zilizokanyagwa katika tope kiasi cha miaka 850,000 iliyopita au zaidi. Wataalamu walisema hizo ni nyayo za kale kuliko zote za jamii ya binadamu zilizopata kugunduliwa nje ya Afrika. Zenye umri mkubwa zaidi ya hizo ziko Afrika, na zilizo mashuhuri mno ziko kwetu Tanzania, huko Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zilizofukuliwa tangu mwaka 1978. Nyayo za Laetoli zilihifadhiwa na majivu ya volkano. Nyayo za Happisburgh zilipigwa picha na kupimwa haraka, na baada ya wiki mbili hivi bahari ilikuwa imezifuta. Bahari iliyozifunua ndiyo iliyozichukua.

Pamoja na hayo, watu wa pwani hiyo si watu wa kukaa wakilia. Cromer bado ina wavuvi wa kaa wanaotega madema yao kila msimu, ingawa idadi yao imepungua. Kutoka miongoni mwa wavuvi hao alitokea Henry Blogg, aliyezaliwa mwaka 1876 na kufariki mwaka 1954, ambaye kwa miaka 53 alitumika katika mashua ya uokozi ya mji huo, na inahesabiwa kwamba alishiriki kuokoa roho za watu 873. Hakuwa askari wala tajiri. Alikuwa mvuvi aliyetoka katika dhoruba kwa kujitolea wakati wengine wanarudi. Mashua hizo za uokozi hadi leo hutegemea watu wa kujitolea, na mtu wa kujitolea lazima aishi karibu, ili king'ora kikilia afike kwa dakika chache. Basi swali la nani anaishi katika nyumba za Cromer na Wells si swali la uchumi peke yake. Nyumba iliyofungwa haitoi mwokozi.

Sisi wa visiwani tunapata nini katika habari hizi?

Hali yetu kwa juu inaonekana kinyume na yao. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773, na mwaka 2002 hatukuwa tumefika milioni moja. Wao wanatafuta vijana, sisi tunawatafutia vijana kazi. Lakini vijana wetu nao wanaondoka mashamba kwenda mjini, wanaondoka Pemba kwenda Unguja na Dar es Salaam, na wengine wanafika Oman, Ghuba na Ulaya. Katika vijiji vyetu pia zimeanza kuonekana nyumba nzuri za matofali zenye madirisha ya vioo, zilizojengwa kwa fedha za waliosafiri, na ndani yake amebaki bibi mmoja na mjukuu, au kufuli. Na katika fukwe zetu thamani ya ardhi inapanda kwa kasi ambayo mvuvi hawezi kuikimbiza.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu wa wilaya, na mabaraza yote yanayogawa ardhi na kupanga mipango, wazingatie mambo matatu. La kwanza, wasihesabu vichwa tu bali wahesabu umri, na wajiulize kila shehia itakuwa na watu gani baada ya miaka 20. La pili, kabla ya kuidhinisha majengo ya ufukweni waulize kwanza wahudumu wa majengo hayo watalala wapi, na mvuvi atapitishia wapi ngalawa yake. Wenzetu wa North Norfolk waliliuliza swali hilo baada ya nyumba kwisha kuuzwa, na sasa wanalijibu kwa kodi. La tatu, mahali ambapo bahari inasogea, wananchi waambiwe ukweli mapema: wapi patajengwa ukuta, wapi hapatajengwa, kwa sababu gani, na atakayehama atasaidiwa vipi. Mtu anaweza kuvumilia kuhama. Asichoweza kuvumilia ni kugundua, genge likiwa limefika dirishani, kwamba uamuzi ulikwisha pitishwa miaka mingi bila ya yeye kuulizwa.

Vile vijumba vya kalenda vitaendelea kupendeza, na tunawatakia heri wanaoishi ndani yake. Lakini uzuri wa kijiji hupimwa usiku wa Januari, kwa taa zinazowaka, na si mchana wa Agosti kwa maua yaliyo mlangoni. Nasi tuzihesabu taa zetu tungali na watu wa kuziwasha.